Dizeli ya kilomita 310,000 kwa safari ya kazini: ninunue au niachane nayo?

Saa11Barabarani

Wakuu, habari za kazi. Natafuta gari la kwenda kazini na kurudi, na kigezo cha kwanza ni unywaji wa mafuta. Njia yangu ni km 42 kwenda, km 42 kurudi. Km 36 ni barabara kuu inayotembea spidi 80 hadi 100, zilizobaki ni foleni. Tunapanda watu wawili, mzigo hakuna.

Nina magari mawili mkononi, yote dizeli, yote gia za mkono.

Gari A: 2.0 komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, yaani reli), la 2009, km 310,000, lina kichujio cha masizi (DPF). Mwenyewe ana risiti za sevisi tangu km 90,000. Mkanda wa taiming ulibadilishwa likiwa km 265,000. Bodi imechoka kidogo na kiti cha dereva kimechanika pembeni.

Gari B: 1.6 komoni reli, la 2010, odometa inasoma km 148,000, halina karatasi hata moja, ila ndani linang'aa. Muuzaji anasema lilikuwa likizunguka mjini tu. Bei yake iko juu ya A.

Ninaloomba: lipi kati ya haya, nikague nini kabla ya kulipa, na je, kweli dizeli iliyotembea hivi itaniokolea chochote ukilinganisha na petroli ya kawaida?

---

Nozeli_Nne

Mkuu, kabla ya A na B piga hesabu kwa lita, achana na pesa kwanza. Bei za vituoni zinapanda na kushuka.

Km 84 kwa siku, siku 240 za kazi kwa mwaka, ni km 20,160. Dizeli ya 2.0 yenye afya kwenye njia kama yako hunywa takriban lita 5.5 kwa km 100. Petroli isiyo na turbo ya ukubwa unaokaribiana itakunywea kama 7.5. Kwa mwaka ni lita 1,109 dhidi ya 1,512. Faida yako ni lita 403, basi, na hiyo ndiyo bajeti yako yote ya vitu ambavyo petroli ya kawaida haina: turbo, DPF, pampu ya presha kubwa, nozeli, flaiwili ya vipande viwili (gurudumu zito kati ya injini na klachi). Ulizia bei ya klachi kamili pamoja na flaiwili, igawanye kwa bei ya lita moja. Ukipata 400, ujue kazi hiyo moja imemeza mwaka mzima. Na kama unakojaza dizeli ni ghali kuliko petroli, punguza tena.

Kwa hiyo swali halisi ni kazi zipi kubwa zimeshafanywa na zipi zinakusubiri wewe. Gari la km 310,000 lenye klachi mpya, mkanda mpya na nozeli zilizopimwa ni rahisi kuliko la km 148,000 ambalo vyote hivyo bado ni vya kiwandani.

Halafu angalia saa za injini. Gari A likiwa limetembea barabara kuu kwa wastani wa km 65 kwa saa, 310,000 ni kama saa 4,770. Gari B likiwa kweli la mjini, wastani wa km 24 kwa saa, 148,000 ni kama saa 6,170. Yaani lile "dogo" injini yake imenguruma muda mrefu zaidi, imewashwa ikiwa baridi mara nyingi zaidi, klachi imekanyagwa mara nyingi zaidi, na kama lina DPF haijapata nafasi ya kujichoma masizi. Muuzaji anapojisifu kwamba dizeli haijawahi kutoka mjini, mimi hapo hapo napunguza bei.

Hiyo ni kama namba ya odometa ni ya kweli. Kurudisha odometa nyuma ni kazi ya dakika chache, lakini wanaofanya hivyo mara nyingi husahau kompyuta nyingine za gari. Chukua skana inayosoma zaidi ya injini: magari mengi huandika kilomita kwenye kumbukumbu za makosa, kwenye kompyuta ya breki (ABS), na kwenye hesabu za DPF. Kosa la zamani lililorekodiwa likiwa km 231,000 kwenye gari linaloonyesha 148,000 linamaliza mjadala. Raba za pedali mpya kabisa na usukani uliovalishwa ngozi mpya ni vya kutilia shaka, ingawa peke yake si ushahidi.

Njia yako inafaa dizeli. Km 42 zinatosha oili kupata moto na DPF kufanya kazi yake. Angekuwa mtu wa km 4 kwenda na 4 kurudi, kwa mwaka angeokoa lita 38 tu kwenye karatasi, na barabarani hata hizo asingezipata kwa sababu injini ya dizeli huchelewa kupata moto.

---

FundiPampu

Nitakupa mpangilio wa ukaguzi. Ufuate hivyo hivyo, kwa sababu kuna vitu vinavyoonekana injini ikiwa ya baridi tu.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, shika injini. Ikiwa ya vuguvugu, rudi siku nyingine. Injini iliyooshwa asubuhi hiyo hiyo nayo ina kitu inachoficha, kawaida ni uvujaji.

Kabla ya kuwasha. Toa kijiti cha oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si tatizo, huwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Tatizo ni ikiwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli: hapo dizeli inateremka kwenye oili, ama DPF inajichoma mara kwa mara bila kumaliza, ama nozeli inavuja. Fungua mfuniko wa kulanti (maji ya kupoza injini), utazame kama kuna utelezi wa oili. Kisha mulika tochi kwenye vitako vya nozeli. Ukiona lami nyeusi ngumu imejikusanya kuzunguka nozeli, washa ya shaba (kipete cha kuziba) chini yake imeshindwa na gesi ya mwako inapita. Washa yenyewe ni kitu cha bei ndogo, lakini nozeli iliyogandia kwenye lami hiyo inaweza kugoma kutoka kabisa, na kiti chake lazima kisagwe upya ndipo washa mpya ikae.

Kuwasha. Geuza ufunguo, subiri taa ya hita plagi (plagi za kupasha silinda joto) izime, piga stata. Injini nzuri hushika ndani ya sekunde moja au mbili. Ikizunguka sekunde tano, sita, ndipo ishike, kompyuta inasubiri presha ya reli ifike kiwango cha kuruhusu nozeli kufunguka, mara nyingi karibu bar 200 au zaidi kidogo. Presha inachelewa kwa sababu nozeli zinarudisha dizeli nyingi, pampu imechoka, au hewa inaingia kwenye mipira.

Moshi usome hivi. Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, unaoisha baada ya nusu dakika: hita plagi moja au mbili zimekufa. Ukiendelea hata injini ikipata moto, fikiria kompresheni au nozeli. Mweupe wenye harufu ya utamu: kulanti. Wa bluu: oili, ama ringi, ama sili za valvu, ama turbo. Mweusi ukikanyaga: hewa haitoshi, mara nyingi mpira wa intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) umepasuka au valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) imekwama wazi.

Usidanganyike na hali ya hewa ya joto. Injini za nozeli ya moja kwa moja huwaka vizuri hata hita plagi zote zikiwa zimekufa, kama nje hakuna baridi. Pima kwa mita: plagi nzima husoma chini ya omu 2, mara nyingi kati ya 0.5 na 1. Iliyokufa haisomi kitu. Kuna magari ambayo kosa la hita plagi huzuia DPF isijichome, kwa hiyo usipuuze. Wakati wa kuzifungua, injini iwe ya moto na tumia spana ya torki. Plagi ya M8 hukatika karibu Nm 20, ya M10 karibu Nm 35. Ikigoma kabla ya hapo, simama, mwagia dawa ya kutu, usubiri.

Ikinguruma, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta. Fungua mfuniko wa kujazia oili, uuweke juu ya tundu bila kukaza. Kutetemeka ni kawaida. Ukirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo, gesi zinapita kwenye ringi. Hapo omba kipimo cha kompresheni. Kwa mfano 1.9 TDI ya Volkswagen ikiwa mpya ni bar 25 hadi 31, kikomo ni 19, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Injini nyingine zina namba zake, ila tofauti kati ya silinda hukwambia mengi kuliko namba yenyewe.

Dakika tano baada ya kuwasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu wakati injini bado vuguvugu, presha ya silinda inaingia kwenye kulanti. Thibitisha kwa kile kimiminika cha bluu kinachobadilika rangi kikikutana na gesi ya mwako.

Klachi na flaiwili. Gia huru, sikiliza mlio wa kugongagonga upande wa giaboksi, kisha kanyaga klachi. Ukibadilika au kutoweka, flaiwili ya vipande viwili au beringi imeanza. Zima injini: gari likijitikisa na kutoa "ko-ko-ko" wakati wa kuzima, flaiwili imelegea. Barabarani, gia ya nne, mzunguko 1,500 kwa dakika, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukipanda bila gari kufuata, klachi inateleza. Wapo watakaokushauri uweke flaiwili ya kipande kimoja kwa bei nafuu. Inawezekana, lakini mtikisiko uliokuwa ukimezwa na springi za flaiwili sasa unakwenda kwenye giaboksi.

Turbo. Vua mpira wa kuingiza hewa, shika shafti. Kuyumba kidogo upande hadi upande kunakubalika, kusukumika mbele na nyuma hapana, na bapa zisiguse ukuta. Utando mwembamba wa oili kwenye bomba la intakula ni wa kawaida, unatoka kwenye pumzi ya injini. Dimbwi si la kawaida.

Mwisho, skana, na usiishie kusoma makosa, maana makosa hufutwa mlangoni. Soma namba hai injini ikiwa ya moto:

- Masahihisho ya nozeli ikinguruma, yaani dizeli ambayo kompyuta inaiongezea au kuipunguzia kila nozeli ili injini itulie. Karibu na sifuri ni vizuri. Kwenye TDI za pampu-nozeli (kila nozeli ina pampu yake) kikomo ni ±2.8 mg kwa mpigo. Popote pale, inayokimbia peke yake mbali na wenzake ndiyo ya kuchunguza.
- Presha ya reli, inayotakiwa na iliyopo. Ikinguruma ni bar 250 hadi 300 hivi. Ukikanyaga gia ya tatu kutoka 1,500 hadi 3,500, iliyopo isiachwe nyuma.
- Presha ya turbo, vilevile. Iliyopo ikizidi inayotakiwa, mabawa ya turbo yamegandia na masizi. Ikipungua, tafuta kwanza mpira uliopasuka kabla ya kulaumu turbo.
- Joto la kulanti ukiwa barabara kuu. Liwe karibu 85 hadi 95.
- DPF: kilomita tangu ilipojichoma mara ya mwisho, presha kabla na baada yake, na kiasi cha majivu. Nzima, kwa njia kama yako, hujichoma kila km 400 hadi 800. Chini ya 200, kuna tatizo.

---

BujiaTu

Mimi ni wa upande wa pili, ngoja niseme kifupi. Hizo lita 403 zinakuwepo kama hakuna kitu kitakachoharibika. Seti ya nozeli nne tu inakula faida ya miaka. Petroli ya 1.5 isiyo na turbo, nozeli zake zinanyunyiza kwenye manifoldi kwa presha ya bar 3 hadi 4, pampu iko ndani ya tangi, haina DPF, flaiwili ni ya chuma kizima. Ukikosea ukaguzi wa petroli unapoteza kidogo. Ukikosea wa dizeli unaweza kupoteza thamani ya gari zima. Kwa km 20,000 kwa mwaka mizani inakaribiana sana. Angekuwa anatembea 35,000 ningenyamaza.

---

Nozeli_Nne

@BujiaTu hoja ya nozeli ni ya kweli, ndiyo maana zinapimwa kabla ya kulipa. Unavua mipira ya marejeo (inayorudisha dizeli ya ziada) ya nozeli zote, unaunganisha chupa nne zenye vipimo, injini inanguruma dakika tatu hivi. Nne zikijaa sawa, vizuri. Moja ikijaa mara mbili ya wenzake, hiyo imechoka na bei inajadiliwa kuanzia hapo. Muuzaji akikataa kipimo cha dakika kumi, ameshakujibu.

---

KadiYaGari

Saa11 hajasema aina za injini, na hapo ndipo penye mengi. Magonjwa ya dizeli ni ya kurithi, kila injini na lake. Nitataja yanayojulikana, utafute yako.

1.6 HDi ya Peugeot na Citroën, ambayo pia imo kwenye Ford, Volvo na Mazda, hasa ile ya valvu 16. Washa za nozeli zinavuja, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa tope, bomba jembamba la kupeleka oili kwenye turbo linaziba, turbo inakufa. Watu huweka turbo mpya nayo ikafa baada ya muda mfupi, kwa sababu hawakushusha sampu (beseni la oili chini ya injini), hawakusafisha kichujio cha pampu ya oili, wala hawakubadilisha bomba. Kama gari B ni hii na halina karatasi za kumwaga oili, mimi ningeliacha hapo lilipo.

N47 ya BMW, hasa kuanzia 2007 hadi 2011: cheni ya taiming iko nyuma, upande wa giaboksi. Ukisikia msuguano kutoka nyuma ya injini mzunguko ukiwa kati ya 1,500 na 2,000, usingoje. Kuifikia lazima giaboksi au injini ishuke. M47 iliyoitangulia ina vipepeo kwenye manifoldi vinavyoweza kukatika na kumezwa na silinda.

TDI za pampu-nozeli za Volkswagen: kamshafti inabeba kazi ya kusukuma nozeli, kwa hiyo meno yake ni membamba na yanaliwa haraka ukiweka oili isiyo na kiwango cha VW 505.01 au kilichokuja baadaye kuichukua nafasi. Baadhi ya 2.0 za familia hiyo huendesha pampu ya oili kwa kijiti cha pembe sita. Kikilika, presha ya oili inapotea ghafla na turbo ndiyo inayotangulia kufa.

1.5 dCi ya Renault, iliyomo pia kwenye Nissan: beringi za kranki za miaka ya mwanzo, hasa kwa magari yaliyomwagwa oili kwa kuchelewa. 2.2 ya Mazda, ile iliyotangulia kizazi cha injini za Skyactiv: oili hupanda kwa dizeli ya DPF, hadi kijiti chake kikawekwa alama ya X juu ya F (imejaa). Ikifika X oili imwagwe hata kama kilomita hazijatimia.

Pia, angalia masharti ya unakoishi. Kuna miji ambayo dizeli za chini ya Euro 5 au Euro 6 (viwango vya moshi vya Ulaya) haziruhusiwi kuingia katikati, na kuna ukaguzi unaofelisha gari lililotolewa DPF.

---

Saa11Barabarani

Asanteni sana wakuu. Nimepima yote mawili, fundi akiwa na skana.

Gari B: nilipangusa ncha ya ekzosi kwa karatasi nyeupe, ikatoka nyeusi tii. Fundi akaona mstari wa kulehemu kwenye kopo la DPF, yaani lilishafunguliwa na kichujio kutolewa. Ni 1.6 HDi ya valvu 16. Tumeliacha.

Gari A: liliwaka vizuri, moshi hakuna, ekzosi ndani ni kijivu kikavu. Masahihisho ya nozeli: +0.4, -0.7, +1.6, -1.3. Presha za reli na turbo zinafuatana. Joto la kulanti barabara kuu lilikwama kwenye 72 na likashuka 68 tukiteremka mlima. DPF hujichoma kila km 210 kwa wastani. Oili iko kidogo juu ya alama ya mwisho. Kompyuta ya gari inasema lita 6.6 kwa km 100. Muuzaji anasema DPF imekaribia kufa na yuko tayari kupunguza bei. Nikimbie?

---

FundiPampu

Usikimbie bado. Soma hizo namba pamoja.

Kulanti kwenye 72 barabara kuu, tena inashuka mkiteremka, ni themostati (valvu inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) iliyokwama wazi. Kompyuta inaona injini haijapata moto, inaendelea kuilisha kama ya baridi. Masizi yanaongezeka, DPF inajaa haraka, na inapojaribu kujichoma joto linalotakiwa, karibu nyuzi 600 ndani ya kichujio, linapatikana kwa shida. Kila jaribio linamwaga dizeli ya ziada kwenye silinda kwa kuchelewa, sehemu yake inateremka kwenye ukuta hadi kwenye oili. Ndiyo maana oili imepanda, ndiyo maana 6.6 badala ya 5.5. Dalili tatu, na kifaa kinachozizaa huenda ni kimoja tena cha bei ndogo.

"Huenda", kwa sababu DPF ya km 310,000 kama haijawahi kubadilishwa inaweza kweli kuwa imejaa majivu. Masizi huungua, majivu hayaungui. Ni mabaki ya oili na yanabaki humo. Nyingi hufika mwisho kati ya km 160,000 na 250,000. Tafuta risiti ya DPF kwenye yale makaratasi. Isipokuwepo, soma kiasi cha majivu kwenye skana, kisha presha kabla na baada ya kichujio ikiwa injini ya moto kwa mzunguko 3,000 gari limesimama. Ikikaribia au kuzidi mbar 100 punde tu baada ya kujichoma, ni majivu, na dawa ni kuivua ikaoshwe kwa mashine au kubadilisha. Ikibaki chini sana ya hapo, kichujio kina maisha. Hakikisha pia vijibomba viwili vya sensa ya presha havijaziba wala kupasuka. Sensa inayodanganya huleta dalili hizo hizo.

Nozeli ya tatu na ya nne zinapingana, +1.6 na -1.3. Si msiba, lakini fanya kipimo cha chupa kama alivyoeleza Nozeli_Nne.

Bei ijadiliwe kana kwamba DPF imekufa. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyesema.

Ukishalinunua, oili ndiyo ya kwanza, siku hiyo hiyo. Iliyomo imechanganyika na dizeli, imepoteza uzito, na beringi za turbo hazipendi hilo. Tumia yenye majivu kidogo inayoruhusiwa na kitabu cha gari, kwa kawaida ACEA C3 au C2, 5W-30. Usimwage dawa ya kusafishia injini kwenye injini ya km 310,000. Uchafu ukibanduka vipande vipande utaziba kichujio cha pampu. Badala yake mwaga oili mpya tena baada ya km 3,000, kisha kila km 10,000, hata kama kitabu kinasema 20,000 au 30,000. Unakojaza dizeli yenye salfa nyingi, shusha hadi 7,000.

Themostati na kulanti pamoja. Mkanda wa taiming uliwekwa 265,000, kilomita zake bado, lakini risiti iseme mwaka, kwa sababu raba huzeeka hata gari likisimama. Risiti iseme pia kama wota pampu, rola na tensiona vilibadilishwa siku hiyo. Kama ulikuwa mkanda peke yake, rudia kazi yote, maana rola ya zamani ikikwama inakata mkanda mpya, na kwenye dizeli mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni.

Filta ya dizeli nayo inataka utulivu. Kabla ya kuitupa, ikate, mwaga kilichomo kwenye sahani nyeupe. Maji yatakaa chini. Vumbi linalometameta kama fedha ni chuma cha pampu ya presha kubwa inayojila, na kama hilo lipo, rudi kwa muuzaji au achana na gari, kwa sababu vumbi hilo limeshafika kwenye reli na nozeli zote. Ukifunga mpya, usipige stata mfumo ukiwa mkavu. Pampu hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe. Sukuma dizeli kwa pampu ya mkono, au geuza ufunguo mara tano, sita bila kuwasha ili pampu ya tangi ijaze, au tumia skana kama gari lako linataka hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo usijaze dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hata ikiwa nafuu. Mafuta ya taa hayalainishi.

---

Nozeli_Nne

Naongeza la uendeshaji tu. Tembea kati ya mzunguko 1,500 na 2,200. Kuiburuza gia ya tano chini ya 1,300 hakuokoi mafuta, kunapiga flaiwili na kujaza EGR masizi. Ukihisi DPF inajichoma, yaani sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imepanda kidogo, feni inazunguka, unywaji umepanda ghafla, usizime injini hapo kazini ulipofika. Zunguka dakika kumi zaidi imalize. Na tangi lisishuke chini ya robo, magari mengi hayaanzi kujichoma taa ya mafuta ikiwa imewaka.

---

Saa11Barabarani

Nimeelewa. Risiti ya mkanda ni ya seti kamili pamoja na wota pampu. Ya DPF haipo. Presha kwa 3,000 baada ya kujichoma tumepata mbar 61. Swali la mwisho: nikibadilisha themostati, nitajuaje kama ndiyo ilikuwa tatizo?

---

FundiPampu

61 iko chini ya 100, kichujio bado kina maisha. Weka themostati, mwaga oili, jaza hadi katikati ya alama mbili, siyo juu. Andika kilomita. Jaza tangi hadi pampu ikatike yenyewe, tembea njia yako ya kawaida mpaka libaki robo, jaza tena kituo hicho hicho, gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Usiamini kompyuta ya dashibodi, nyingi hupendelea gari.

Ndani ya matangi mawili unatakiwa uone vitu vitatu: joto limesimama karibu 88, oili kwenye kijiti haijapanda, na nafasi kati ya kujichoma na kujichoma imevuka km 350. Oili ikipanda tena ilhali joto ni sahihi, themostati haikuwa peke yake: pima nozeli ya tatu.